Kengele ya Ng'ambo

Asubuhi hiyo Rereao alikuwa akikausha daftari. Alilishika juu ya makaa, akafungua ukurasa mmoja mmoja na kuupulizia. Pembeni, shelisheli lilianza kuungua.

"Mama, chakula!" binti yake Akoia alipiga kelele.

"Chakula kikiungua tutakwangua tule. Daftari likiungua utasoma nini?"

Baikawa, mume wake, alikuwa ametoka kugema. Aliweka chini chupa ya tembo tamu, akacheka. "Siku hizi nyumba hii inapika madaftari. Jana tulikula hesabu, leo tutakula jiografia."

Hakuna aliyecheka naye. Akoia alikuwa darasa la mwisho la msingi, na jana tena alichelewa shuleni.

Walikaa Bikerua, kisiwa kidogo cha Kiribati chenye nyumba chache. Shule ilikuwa Tabonuea, kijiji kikubwa, ng'ambo ya kivuko. Maji yakipwa, mtoto huvuka kwa miguu juu ya mchanga, akifika viatu ni vikavu, kama anavyo. Maji yakijaa, kivuko humfika mtoto kifuani. Na bahari haifuati kengele, hufuata mwezi. Kila mwezi zilikuja siku, baada ya mwezi mpevu na tena baada ya mwezi mwandamo, maji yakajaa saa mbili asubuhi barabara. Saa mbili ndipo kengele ya shule ilipolia.

Utauliza, mbona wasivushwe kwa mtumbwi? Saa hizo mitumbwi yote ya Bikerua iko baharini. Maji yakijaa ndipo samaki huingia, na bila samaki hakuna kula. Ndivyo umaskini ulivyo. Hukulazimisha kuchagua kati ya tumbo la mtoto na kichwa chake, kisha watu wanakulaumu kwa ulichochagua.

Jioni Akoia alirudi vidole vimekatwakatwa na nyasi. Shuleni, anayefika baada ya kengele hung'oa nyasi mpaka mapumziko.

"Mwalimu Mkuu anakuita, mama," alisema. "Kesho."

Mwalimu Mkuu, Tiaon, hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ilikuwa ndani ya uwanja wa shule, safi, na ua umefagiliwa. Alimkaribisha Rereao chai, akamwita kwa heshima, Nei Rereao, kama tuwaitavyo wanawake.

"Nei Rereao, binti yako ana akili. Lakini masomo ya kwanza aliyokosa ni mengi mno. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa kwenda sekondari. Mwanafunzi asiyehudhuria simpeleki."

"Hakosi, mwalimu. Huchelewa tu. Ni maji."

"Maji ni ya wote. Kengele ni moja kwa watoto wote. Nikimlegezea mmoja nikambana mwingine, hiyo itakuwa haki?"

Rereao alikuwa na la kujibu, lakini alishakunywa chai ya mwenyewe. Akashukuru, akaondoka. Alipofika kivukoni akakuta maji bado mengi. Akakaa ufukweni, akiitazama nyumba yake ile pale, asiweze kwenda. Mtihani ule ndio ulikuwa mlango pekee. Ukifungwa, Akoia angerudi kukata nazi maisha yake yote.

Baikawa aliposikia habari hiyo alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Baada ya wiki mbili shule inazindua darasa jipya," alisema. "Kila kijiji kitapeleka wimbo. Basi na mimi nitatunga! Nitamwimba Tiaon mpaka arudi kwao!" Akaanza palepale, akipiga paja. "Tiaon ee, tumbo kama kasa, kengele shingoni kama mbuzi..."

Kicheko kikasikika kutoka nyumba ya pili. Kilikuwa kicheko cha Nei Teaote, kilichochanganyika na kikohozi cha tumbaku. Mama huyu alikuwa mtunzi wa nyimbo. Kisiwa kizima kilimjua, na wengine walimwogopa kidogo. Alikuja na mkeka wake, akautandika bila kukaribishwa.

"Shemeji, huo wimbo kamwimbie mkeo chumbani," alisema. "Matusi huchekesha siku moja. Siku ya pili mwanao yuko darasani na huyo uliyemtukana. Umelifikiria hilo?"

"Basi nitakwenda maneaba, ukumbi wa mikutano, nikaseme mbele ya watu!"

"Wewe umeoa hapa. Kwenye maneaba utasema baada ya wazee wa koo zote. Wakimaliza, chakula kimeliwa na watu wamelala."

"Basi tuombe," Rereao alisema taratibu. "Tuwaambie sisi ni maskini, watuhurumie."

Teaote akamgeukia. "Ukiomba, watakupa. Nani kwetu anaweza kumnyima mwombaji? Watakupa mfuko wa mchele, na kengele itaendelea kulia saa ileile."

"Sasa tufanye nini, dada?"

"Tuseme tunachokiona. Tusitukane, tusililie huruma, tusitie chumvi. Halafu mwisho tuseme tunataka nini. Ukisema uchungu wako bila kusema unataka nini, watu watalia, watafuta machozi, watakwenda zao."

"Na tunataka nini?"

"Hilo ndilo swali," Teaote alisema, akawasha tumbaku. "Bahari si mwizi, haiji kwa kunyemelea. Kila siku huchelewa karibu saa moja kuliko jana. Ukiijua ya leo, unaijua ya kesho na ya wiki ijayo. Kwa nini shule isijue? Siku za maji ya asubuhi, waanze maji yakipungua, wamalize jioni. Masomo ni yaleyale."

Jambo lilikuwa rahisi hivyo, na hakuna aliyewahi kulisema.

Kesho yake alasiri wazazi na watoto walikusanyika. Rereao alikuwa amecheza ngoma nyingi za Teaote, lakini hakuwahi kukaa naye wakati wa kutunga. Teaote hakuandika. Aliwapanga wasaidizi kwa safu. Akitamka mstari, humpa mmoja aushike kichwani, mstari wa pili humpa mwingine. Mstari ukimponyoka mshikaji, Teaote hauokoti.

"Kama wewe uliyekaa hapa umeusahau," alisema, "mwalimu wa ng'ambo ataukumbuka vipi?"

Kwanza alimtaka kila mtu atoe jambo moja aliloliona kwa macho yake. Baikawa akajaribu tena lile tumbo la kasa.

"Umeliona likivuka bahari?" Teaote aliuliza. Watu wakaangua kicheko, Baikawa mwenyewe akacheka. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba huwaona watoto kutoka juu ya mnazi, na kutoka kule huona madaftari tu juu ya maji, wenyewe hawaonekani. Teaote akaacha kuvuta. Mstari huo akaushika mwenyewe.

Zamu ya Akoia ikafika.

"Wewe ndiye mkubwa wao," Teaote alisema. "Huwezi kuvuka kabla ya maji kukufika kifuani?"

"Naweza. Nikitoka mapema nawahi."

Rereao akageuka ghafla. "Unaweza? Mbona basi unachelewa?"

Akoia akatazama mkeka. "Wadogo hawawezi, mama. Navuka na mmoja mgongoni, narudi kumchukua mwingine. Kengele hunikuta katikati. Nikiisikia najua wenzangu wanaanza hesabu, basi na mimi nahesabu vichwa vya wadogo, kama vimetimia."

Rereao alimtazama binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Miezi yote hiyo alikuwa akikausha daftari, hakuwahi kuuliza limeloaje. Alitaka kumkemea, alitaka kumkumbatia, na hakufanya hata moja.

"Huo mstari," Teaote alisema, "mshike wewe, mama yake."

Siku ya uzinduzi maneaba ya Tabonuea ilijaa. Paa lake refu lilishuka hadi karibu na ardhi, na kila aliyeingia aliinama. Vijiji viliimba kimoja baada ya kingine, vyote vikisifu darasa jipya, madirisha yake, bati lake. Watazamaji wakawanyunyizia waimbaji manukato na poda, kama tufanyavyo tukipendezwa.

Kisha ikaitwa Bikerua. Watoto walikaa mbele, wazazi nyuma yao. Kwetu mwimbaji hachezi na uso. Hakuna kutabasamu. Watoto wakainua mikono juu ya vichwa, viganja bapa, kana kwamba wameshika kitu kisichotakiwa kulowa. Sauti zilianza chini, karibu hazisikiki.

Kitabu chetu kichwani,
maji yako kifuani,
mdogo yu mgongoni,
kengele yalia ng'ambo.

Kofi moja. Sauti zikapanda kidogo.

Wenzetu wanahesabu,
wana ubao, kitabu,
sisi twapewa adhabu,
kengele yalia ng'ambo.

Mikono ya watoto ilianza kutetemeka. Haikuwa mchezo. Rereao alihisi sauti yake si yake tena, ni sauti ya safu nzima, na inatoka sakafuni, inapita miilini mwao na kwenda juu kwenye paa. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Makofi yakawa mazito. Nguzo za maneaba zilikuwa zikitetema.

Bahari haina saa,
hupwa kisha ikajaa,
tungojeni, tumevaa,
kengele isite ng'ambo.

Wakanyamaza kwa pamoja.

Hakuna aliyenyunyiza poda. Rereao alisikia mawimbi nje, na hofu ikamshika. Wamewaudhi. Mtoto wake amekwisha.

Mwalimu Tiaon akainuka. Alichukua kopo la poda kutoka kwa mama mmoja, akaja mbele ameinama, akaanza kuwanyunyizia watoto, mmoja mmoja. Alipofika kwa Akoia alisimama.

"Ni nani anayewabeba wadogo?"

"Mimi, mwalimu."

"Na mimi nikakung'olesha nyasi," alisema. Akageuka kwa wazazi. "Rudieni. Tafadhali, rudieni tangu mwanzo."

Waliimba tena, na safari hii maneaba nzima ilipiga makofi pamoja nao. Wazee walilia waziwazi. Nimeziona ngoma nyingi katika visiwa vyetu vya Kiribati, lakini ile bado hunisisimua.

Maji ya asubuhi yaliporudi, Mwalimu Tiaon alikwenda Bikerua kulala, asubuhi akavuka na watoto. Alibeba mdogo mmoja mgongoni. Alifika shuleni suruali imemganda kwa maji, akakuta wanafunzi wa Tabonuea wamepanga mistari wakimshangaa mwalimu mchelewaji.

"Nyasi ziko wapi?" aliwauliza. Hapo wakacheka.

Kamati ya wazazi ikaitwa. Teaote akaeleza mwendo wa bahari, mwalimu akauandika ukutani, mkaguzi wa shule akakubali. Siku za maji ya asubuhi, shule nzima ilianza maji yakipungua na kumaliza jioni. Masomo hayakupungua hata moja. Bikerua nao wakatimiza upande wao. Siku ambazo kivuko kilikuwa kirefu zaidi, mtumbwi mmoja ulibaki kwa zamu kuvusha watoto, na waliokwenda kuvua walimgawia mwenye zamu samaki wake. Baikawa alipobaki zamu ya kwanza alilalamika kwamba abiria wake wana kelele kuliko ndege wa baharini. Lakini alikuwa akiwahi kivukoni kabla yao.

Akoia alifaulu mtihani. Nalisema sasa usije ukahangaika, maana ninalotaka kukusimulia mwisho ni asubuhi ya mtihani wenyewe.

Mtihani wa taifa hausogezwi saa. Karatasi zimefungwa, muda umepangwa kule mji mkuu, na hakuna mwalimu awezaye kuugusa. Na siku hiyo ilikuwa siku ya bamvua. Maji yalijaa mpaka yakalamba mizizi ya minazi, na upepo ukaufanya mkondo uwe mkali. Baikawa alipoutia mtumbwi majini, mawimbi yaliurudisha ukapasuka ubavuni. Ulikuwa mtumbwi pekee uliobaki.

Rereao alisimama ufukweni na Akoia na wenzake, wamevaa, wamechana nywele. Ng'ambo, shule ilionekana wazi kabisa. Rereao alimnyoosha binti yake kola ya shati.

Ndipo alipoona kitu kinatoka Tabonuea. Kisha cha pili. Kisha bahari ikajaa mitumbwi upana wote wa kivuko, wanaume na wanawake wakipiga makasia dhidi ya mkondo. Walikuwa wazazi wa ng'ambo, watu ambao watoto wao hulala hatua chache tu kutoka darasani, watu wasiokuwa na shida yoyote asubuhi ile.

Mtumbwi wa kwanza ukagusa ufuko. Mama aliyekuwa mbele, ambaye Rereao hakumjua hata jina, alinyoosha mkono wake uliolowa.

"Panda, binti," alimwambia Akoia. "Wenzenu wa Tabonuea wamekaa nje ya mlango wa darasa. Wamekataa kuingia bila nyinyi."