Karibu, Oluoch

Sindano iliingia pajani, ikatoka, na mtoto hakulia.

Seline aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa karani wa kumbukumbu katika zahanati ya akina mama mtaani Kongo, Kawangware, na kwa miaka mitatu alikuwa ameandika majina kila Jumatano ya chanjo huku vilio vikimziba masikio. Leo benchi lilikuwa na watoto kumi na wanne. Alisikia feni ya kompyuta. Alisikia muuza mboga akibishana na mteja nje ya dirisha. Basi.

"Huyu ni mwanaume," mama mmoja alijisifu. "Hata hajashtuka."

"Wangu pia," alisema Wanja, aliyeketi kando yake, lakini yeye hakujisifu. Alifunua paja la mwanawe. Ngozi ilikuwa imebambuka kutoka gotini hadi nyongani. "Jana alimwagikiwa na uji. Mimi nilikuwa nje naanika nguo. Angelia ningekuja mbio. Hakulia, dada. Nilimkuta ananiangalia tu."

Seline alikitazama kidonda kama mtu anayetazama picha ya kidonda. Kisha akaendelea kuandika.

Programu aliyoitumia ilitengenezwa zamani na Oluoch, fundi mpole aliyekuwa akijipaka dawa ya kifua shingoni kutwa nzima. Ilikuwa na ukaidi mmoja: haikukubali kumhifadhi mtoto asiye na jina. Na watoto wengi wa hapo waliletwa wakiwa bado hawana, kwa sababu watu wa ziwani husubiri mpaka nyanya aote jina usingizini, au mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe anamtaka nani. Oluoch akawaambia makarani kwa mzaha, "Andikeni jina langu kwanza. Nitawalea mpaka wapate yao."

Wakaandika. Jina la kweli likipatikana, liliandikwa kwenye kadi ya mama tu, maana ndani ya programu hapakuwa na mahali pa kulibadilisha. Oluoch aliahidi kupatengeneza. Januari kifua kikamuua. Makarani hawakuacha, wakazidi kuandika jina lake. Hakuna aliyeielewa programu ile, na juu ya mashine palibandikwa karatasi: USIZIME. Njambi, mwenye ile ploti ya nyumba za kupanga na zahanati yake, alikuwa na jibu moja kila alipoulizwa. "Si inafanya kazi? Iacheni."

Hata akaunti ya kuingilia ilikuwa ya marehemu. Kila asubuhi kioo cha kompyuta kiliandika: Karibu, Oluoch. Na Seline, kwa mazoea, alijibu kwa sauti, "Asante."

Jioni hiyo, nyumbani kwake mtaa wa Lindi, alimchukua binti yake wa miezi miwili kutoka kwa jirani. Mtoto alikuwa macho, mkavu, kimya. Seline alijaribu kukumbuka alilia lini mara ya mwisho. Alihesabu siku tisa. Aliinama amnuse utosini, na pua yake ikakutana na harufu ya dawa ya kifua.

"Nashon, umempaka nini mtoto?"

"Mimi? Nimpake nini?" Mumewe alikuwa ametoka kuchomelea mageti Laini Saba na macho yake yalikuwa mekundu. "Mwache. Majirani wote wanasifu. Wanasema tumepata malaika."

Seline akampigia mama mkwe wake, Magdaline.

"Mama, umeshaota jina?"

"Bado. Kwani analia?"

"Halii kabisa."

"Sikiliza, mwanangu. Huku mtoto akilia sana tunamtajia waliotangulia, mmoja mmoja. Akisikia anayemtaka, ananyamaza. Wewe umemtajia nani?"

"Sijamtajia mtu."

"Kuna mtu amemtajia. Huyo mtoto tayari ana mwenyewe."

Asubuhi Seline alifika zahanati akiwa na mtoto mgongoni. Alimkuta Wabwire, fundi aliyeitwa na Njambi kwa sababu mashine ilikuwa imeanza kutoa moshi.

"Sasa, mrembo! Leo tunahama," alisema. "Nabeba kila kitu vile kilivyo, napeleka kwa mashine mpya. Saa kumi nimemaliza."

"Usibebe."

"Kwa nini?"

Alimweleza kuhusu watoto wasiolia na jina la Oluoch. Wabwire alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa kuwa harufu ya dawa ya kifua ilikuwa ikitoka kwenye matundu ya feni. Akafungua faili lenyewe, lile la chini ambalo makarani hawakuwahi kuliona, akaanza kulisoma polepole. Watoto sitini na mmoja walikuwa wameandikwa kwa jina hilo tangu Januari.

"Ona hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Mahali pa mzazi. Hapa si panafaa kuwa na majina ya akina mama?"

Seline alisogea, na mahali alipokumbuka kuandika Wanja pakawa pameandikwa Oluoch, na chini yake Oluoch, na chini ya huyo Oluoch, mzazi baada ya mzazi, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akamfikia mtoto wake mwenyewe ambaye mzazi wake alikuwa Oluoch tangu siku ile mtoto alipolia mara ya mwisho, saa tano asubuhi, saa ambayo yeye Seline alikuwa ameketi kwenye kiti hiki hiki, mikono yake ikiwa juu ya vibonye hivi hivi.

"Nani amebadilisha?" Wabwire aliuliza.

"Sijui."

"Imebadilishwa na akaunti yake. Nani aliitumia saa hizo?"

"Ni mimi peke yangu," alisema Seline.

Alingoja aogope. Hofu haikuja.

Njambi aliposikia alijishika kiuno. "Hilo ni jini. Zimeni hiyo takataka!"

"Ukizima wakiwa ndani, Oluoch anaenda nao," alisema Seline. "Na tukiwahamisha hivi, tunamhamisha pia. Kila mama aje ataje jina, kisha liandikwe huko chini kwa mkono."

Wakaanza na Wanja. Alisimama mbele ya mashine akiwa amemkumbatia mwanawe. "Githinji," alisema. Wabwire akafuta Oluoch mahali pa jina na pa mzazi, akaandika Githinji na Wanja. Feni ikavuma kwa nguvu, kioo kikafifia. Kisha mtoto alivuta pumzi ndefu na kupiga yowe la maumivu ya siku mbili nzima. Wanja akakaa chini sakafuni, akalia naye.

Iliwachukua siku nne. Waliwapigia akina mama simu, wakawafuata hadi milangoni. Zahanati ilijaa vilio mpaka muuza mboga akahamisha meza yake. Jumatatu adhuhuri alibaki mmoja.

"Wako," alisema Wabwire. "Mnamwita nani?"

Hakukuwa na ndoto yoyote. Seline alimtazama mtoto, naye mtoto akamtazama kama mtu anayesubiri foleni.

"Daisy," alisema.

Wabwire akaandika. Mtoto akakunja uso, akawa mwekundu, akalia. Wabwire alipiga makofi, akaivuta waya ya ile mashine ya zamani ukutani, na feni ikazunguka ikipungua mpaka ikasimama. Harufu ikaondoka chumbani.

"Tumemtoa!" alisema. "Njoo uione mpya. Nimekufungulia akaunti yako, kwa jina lako."

Kwenye kioo kipya kulikuwa na maandishi: Karibu, Seline.

Yeye aliyasoma, kisha akageuka kutazama mlangoni aone ni nani anayekaribishwa. Hapakuwa na mtu. Daisy alilia kifuani pake. Aliisikia sauti hiyo kwa mbali, kama ya mtoto wa ploti nyingine. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe, chai ya moto ikamwagika juu ya vidole vyake, na mvuke ukapanda kutoka kwenye ngozi. Mkono haukuondoka.

"Seline! Unaungua!"

Aliendelea kuutazama mlango, kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

"Seline! Wewe, Seline!"

Wabwire aliushika mkono ule akauondoa kwenye chai. Hapo, karibu na ukosi wa blauzi yake, akaipata harufu. Alirudi nyuma hatua moja. Hakutaka kusema alichosema, lakini alikisema, kwa mnong'ono.

"Oluoch?"

Mwanamke akageuka, akatabasamu kwa upole.

"Asante," akasema.