Somo Lililoonyesha Alama za Watoto

Akaliza ni mwalimu wa hesabu hapa Gisenyi. Wiki ile mvua iliharibu barabara ya Cyanzarwe, na wanafunzi wake kadhaa hawakuweza kufika shuleni. Basi kila alasiri aliwarekodia somo nyumbani kwa kompyuta, akawatumia wazazi kwa simu.

Mezani kwake kuna skrini mbili. Ile ndogo ni ya kompyuta yenyewe, na hapo ndipo huandika somo. Kwenye ile kubwa ya pembeni hufungua karatasi zake nyingine. Katika skrini ndogo alikuwa amechora kisanduku. Programu hurekodi yaliyo ndani ya kisanduku hicho tu.

Jumatano alituma somo la sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika. Kabla hajainuka, mama yake Gatesi, mmoja wa wanafunzi hao, alipiga simu.

"Mwalimu, sauti yako tunasikia. Lakini kwa picha iko alama za watoto wote. Gatesi ameona yeye ni wa mwisho. Analia, anasema kwa masomo harudi."

Akaliza aliifuta video haraka kwenye simu. Wazazi watatu walikuwa wameshaiona.

"Baba Ineza, uligusa kompyuta yangu?" alimwuliza mumewe, Muhire.

"Jana niliangalia mupira. Niliweka skrini kubwa ikuwe ya kwanza. Kitu kingine sikugusa."

"Donc, basi, programu imeharibika. Tuitoe."

"Ngoja. Tuite Kabatesi kwanza."

Kabatesi ni jirani yao, fundi wa kompyuta aliyekulia Tanzania. Alikaa, akaitazama ile video iliyobaki kwenye kompyuta.

"Programu ni nzima, mwalimu," alisema. "Yenyewe haijui skrini ndogo wala kubwa. Inakumbuka vipimo tu, ikihesabu kutoka pembe ya skrini kuu, ile iliyowekwa kuwa ya kwanza. Shemeji alipobadilisha skrini kuu, kisanduku chako kilihamia huko."

"Na huko alama zilikuwa wazi," Akaliza alisema polepole.

"Ndiyo. Sasa fanya mwenyewe, mimi nitakuelekeza."

Akaliza alibofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, akafungua mipangilio ya skrini. Kila skrini ikaonyesha namba yake. Alichagua ile ndogo iwe kuu tena. Kisha akachora kisanduku upya juu ya somo, akafunga karatasi ya alama.

"Usianze bado," Kabatesi alisema. "Rekodi sekunde kumi, uangalie. Na ukishamaliza, itazame yote kabla ya kutuma."

"Hiyo sikuifanya hata siku moja."

"Ifanye kila siku. Alama za mtoto ni siri yake na wazazi wake."

Muhire alijikuna kichwa. "Mi nitaangalia mupira kwa simu," alisema.

Akaliza alirekodi somo upya, akalitazama lote, akalituma. Kisha akampigia mama yake Gatesi.

"Mama, kosa ni langu. Sikuangalia kabla ya kutuma. Naomba uniombee radhi kwa Gatesi, au unipe niongee naye."

Mama akampa mtoto simu. Kisha sauti ndogo ikasema, "Mwalimu."

"Gatesi, unisamehe. Ile karatasi haikuwa ya watu kuona. Somo jipya limefika. Jaribu maswali kumi ya mwisho."

Jumatatu barabara ilipitika. Gatesi alikuja na daftari lake. Alikuwa amepata saba. Akaliza akavuta kiti, wakaanza pamoja yale matatu aliyokosa.