Mdiria wa Pointi Saba

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, wanafunzi wa darasa la sita walichuchumaa nyuma ya ukuta wa shule, upande wa reli, wakapanga kadi zao mchangani. Zilikuwa kadi za wanyama zitokazo katika pakiti za biskuti: mbele picha, nyuma idadi ya pointi. Desturi ilikuwa kuzilaza kifudifudi, pointi zitazame juu, na mwenye pointi nyingi aichukue kadi ya mwenzake. Hivyo walikuwapo wavulana wenye kadi arobaini wasiojua kama tembo wao amechorwa akinywa maji au akila majani.

Aziza peke yake alizilaza kadi zake chali.

Jumatano moja Onema, mvulana wa darasa la jirani ambaye kila siku alivuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli, alikuja na kadi ya mdiria, yule ndege mvuvi wa samaki. Mchoraji alikuwa amemkamata akiibuka majini, bawa moja la buluu likiwa bado limelowa, na tone moja la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo. Aziza alilitazama tone lile mpaka akahisi litadondoka. Akamtoa chui wake, mwenye macho ya kukodoa na madoa yaliyomwagika nje ya ngozi.

"Tubadilishane."

Onema alishtuka. "Umesoma nyuma? Chui ana pointi tisini na tano. Huyu ana saba."

"Nimesoma. Nipe mdiria."

Habari ilimfikia Soudi, kiongozi wa kikosi cha darasa la Aziza katika mashindano ya kadi ya kila Jumamosi, kabla ya mapumziko.

"Weye Aziza, uko muzima kweli?" alifoka. "Chui yetu ya Jumamosi unaitoa kwa kuku wa mutoni?"

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja akawika kama jogoo.

"Si kuku. Mtazame kwanza," alisema Aziza.

"Nitazame nini? Saba njo saba! Sikiliza. Kesho nitamwambia Mwalimu Jérôme kwamba Onema alificha pointi kwa kidole. Atamwamuru arudishe. Weye nyamaza tu, basi."

Aziza alimficha mdiria ndani ya daftari. Angesema nini? Kwamba alitoa chui kwa ajili ya tone la maji? Wangewika mpaka mwisho wa mwaka.

Alasiri alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, uani kwa nguvu hata majani yakaruka nje ya kinu. Nyanya Jamila, bibi yake ambaye yeye alimwita Koko, aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili, aliinua macho.

"Unatwanga sombe au unampiga mtu?"

"Koko, njo Soudi..."

"Weka mchi chini. Kisha sema sentensi nzima, yenye mwanzo na mwisho."

Aziza alieleza yote. Alitazamia kukaripiwa. Badala yake bibi yake aliingia ndani, akarudi na kipande cha katoni ya sabuni. Juu yake palikuwa na garimoshi lililochorwa kwa makaa, na moshi wake ulikuwa wa kijani, umesuguliwa kwa majani ya muhogo.

"Ilikuwa wakati wa vita," alisema. "Garimoshi halikuja, mashamba hayakufikika, na chumvi ililetwa na ndege tu. Jirani yetu mdogo, Amuri, alichora hili. Nililipenda. Nikampa glasi nzima ya chumvi, kwa mkono wangu, kwa hiari yangu."

"Ulifanya vema, Koko."

"Nyamaza, sijamaliza. Jioni babu yako aliuliza chumvi iko wapi. Niliona haya kusema kwamba nimeitoa kwa ajili ya picha, mimi mwalimu, mtu mzima. Nikasema mtoto yule amenilaghai. Baba yake Amuri alipopata habari, alimchapa mbele ya mtaa mzima. Nami nilisimama mlangoni, kimya." Alilifuta vumbi lile garimoshi kwa upindo wa kitenge. "Familia yake ilihamia Lubutu. Sikupata kumwomba radhi."

Aziza alirudia kinu chake.

Kesho yake Mwalimu Jérôme alimwita Onema mbele ya darasa. Soudi alishtaki kwa sauti ya hakimu. Onema alikuwa ameshaitoa kadi ya chui mfukoni, akiwa amekata tamaa, na mwalimu alikuwa amenyoosha mkono kuipokea.

Aziza alisimama bila kuitwa.

"Mwalimu, hakunidanganya. Alinisomea pointi mwenyewe. Nilitoa chui kwa hiari yangu."

"Tisini na tano kwa saba?" aliuliza mwalimu. "Kwa nini?"

"Kwa sababu chui amechorwa vibaya, na mdiria amechorwa vizuri."

Mtu fulani aliwika nyuma. Aziza aligeuka akamkazia macho. "Wika tena, ukipenda. Hata akiwa na pointi sifuri, simtoi."

Hakuna aliyewika mara ya pili. Mwalimu Jérôme alimwachia Onema chui wake, akamwamuru Soudi amwombe radhi mbele ya wote, kisha akasema, "Lete nimwone huyo ndege."

Jumamosi kikosi cha Soudi kilishindwa, na Soudi hakumsemesha Aziza kwa wiki nzima. Aziza alivumilia.

Nyanya Jamila naye alitaka kumwona mdiria. Alivaa miwani, akamkagua kama daftari la mtihani.

"Mkia ni mfupi mno," aliamua.

"Mimi nampenda hivyo hivyo, Koko."

"Na umpende. Si lazima nimpende nami. Kupenda kitu wasichokipenda wenzako si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kuona haya, kisha kumtwika asiye na hatia aibu yako. Wewe umejua hayo mapema kuliko mimi."

Alichukua nyundo na misumari miwili, akaligongomea lile garimoshi la makaa ukutani sebuleni, mkabala na mlango, mahali ambapo hakuna mgeni ambaye angeweza kulikosa.

"Wakiuliza limegharimu nini?" aliuliza Aziza.

"Glasi ya chumvi," alijibu Nyanya Jamila. "Na nitawaambia niliitoa mwenyewe."