Kijiko cha Babu

Watu wa Nairobi wakishuka Voi hutaka picha kabla hawajaomba hata maji ya kunywa. Jirani yangu Wakesho aliligundua hilo mapema. Kila Jumamosi aliwatembeza mji wa zamani: stesheni ya kale ya reli, nyumba za mabati tulimozaliwa sisi watoto wa wafanyakazi wa reli, na makaburi ya askari wa vita vya Wajerumani. Mwisho aliwaleta kibandani kwangu wale kimanga. Mimi Branice, Mluhya mzima, ndiye niliyeponda muhogo na maharagwe ya chakula hicho cha Wataita, lakini wageni wakisifu, Wakesho alisema ni mapishi ya bibi yake. Mwongo yule. Nilimpenda sana.

Mwezi wa tatu alikuja na kikapu cha mkonge. Ndani mlikuwa na fuvu. Wataita wa zamani walifukua vichwa vya wazee wao wakavipanga pangoni, kila ukoo na pango lake. Wakesho alikuwa amepanda mlimani akamtoa babu yake kwenye safu.

"Sasa hata mimi niko na kitu ya kuonyesha watu," akasema, akiliweka mezani.

Nilimwambia waziwazi kwamba sijapenda. Akanicheka. Jumamosi hiyo mgeni mmoja alilipaka fuvu kimanga kwenye meno, wenzake wakapiga picha, na kuanzia hapo kijiko cha kwanza kikawa cha babu.

Siku hiyohiyo Wakesho aliuma jiwe kwenye chakula changu. Jino la mbele likakatika nusu, mshazari. Ile nusu tuliitafuta hatukuiona, tukadhani ameimeza. Maharagwe yale nilikuwa nimeyachambua mwenyewe, mara mbili.

Baada ya hapo hakushiba tena. Alikula sahani tatu na akazidi kukonda. Alikula muhogo mbichi, kisha maganda yake. Hospitalini hawakuona ugonjwa. Mimi nilipokwenda kulifuta fuvu jioni, meno yalikuwa safi. Nani aliyafuta?

"Branice," alininong'oneza, mifupa ya mashavu imemtoka, "nikimeza, chakula haifiki."

Niliogopa. Nikampigia simu baba yake mdogo, Mwandawiro, mwalimu mstaafu. Alilitazama fuvu akiwa mlangoni, hakuingia.

"Lirudi leo," akasema. "Hiyo safu haikubali pengo."

Ndugu wote wa Wakesho walikataa kuligusa. Mwandawiro akanigeukia mimi. "Beba wewe, mama. Wewe si wa ukoo, wazee wa pangoni hawakujui."

Nikalibeba, kwa hasira. Lilikuwa zito kama sufuria iliyojaa.

Tulifika pangoni saa sita, jua kali. Mwandawiro alibaki nje. "La saba kutoka kushoto," akaniambia.

Nikahesabu. Nikarudia.

Hapakuwa na pengo.

Nafasi ya saba ilikuwa na fuvu dogo, jeupe, halina vumbi. Jino lake la mbele limekatika nusu. Mshazari.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Wakesho, mzima, akihema.

"Mmepata nafasi yake?"

Nilimtazama babu mikononi mwangu. Nilitazama safu.

"Tumepata," nikasema.

"Asante, dada. Naona njaa imeisha. Ni kama nimeshiba."

Babu nikamwacha chini, kwenye mawe, nikatoka mbio. Tulipofika Voi, Wakesho alikuwa ameshakufa.

Tulimzika Ijumaa. Jumamosi nilifungua kibanda kwa sababu wageni walikuwa njiani. Sikuwa nimepika chochote. Mezani, pale alipokaa babu, palikuwa na sahani moja, imelambwa ikang'aa. Katikati yake palikuwa na nusu jino.