Alama za Kikoi Ndani ya Gango

Bamba zima la plastiki lilikuwa limeibwa, na tanuri lilikuwa bado lina joto.

Inspekta Shutu aliondoa kiganja kwenye mlango wa tanuri, akaitazama karakana ya hoteli ile ya Diani. Humu mabamba yalilainishwa kwa moto, yakalazwa juu ya kalibu, yaani umbo la plasta, yakapoa yakiwa masinia ya wageni. Lakini jana ilikuwa Jumapili. Hapakuwa na kazi.

"Mlinzi ndiye mwizi!" alifoka Bwana Harlow, mwenye hoteli. "Mtie ndani!"

"Mlinzi hajui kuliwasha tanuri, Bwana. Na mwizi wako hakulibeba bamba. Amelipika papa hapa."

Kwenye jaa la taka, nyuma ya karakana, Shutu aliokota vipande vya plasta. Alivipanga mchangani hadi kalibu ikajitokeza: mguu wa mtu, toka gotini hadi wayoni, kisigino kimegeukia ndani.

Mguu ule aliujua. Kijiji kizima cha Kinondo kiliujua.

Alimkuta Bi Mapenzi, mwenye mguu huo, uani kwake anaanua nguo, mkongojo umelala kando ya kuni.

"Shikamoo, Bi Mapenzi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunishika au kunitazama nikitembea?"

"Nionyeshe kwanza hilo gango linalokushikilia mguu."

Alilivua. Lilikuwa jeupe, limeufuata mguu wake kama ngozi. Kwa ndani palikuwa na mstari wa alama za nyuzi zilizosokotwa, kama matamvua ya kikoi. Shutu alizipapasa. Karakanani, kati ya kalibu na bamba hutandikwa flana, nayo flana Harlow huifungia kabatini. Aliyelitengeneza gango hili alitandika nguo aliyoivaa.

"Nani kakutengenezea?"

"Mwenyezi Mungu."

"Kwa mikono ya nani?"

Bi Mapenzi alilivaa tena gango lake.

Shutu alirudi karakanani, Harlow alikokuwa bado akimngoja. Karisa, kijana fundi wa masinia yale, alikuwa amejifunga kikoi chake cha kila siku, upande mmoja umekatwa.

"Matamvua ya kikoi chako yako wapi, Karisa?"

Kijana alijitazama kiunoni. "Alama zake ziko Kinondo, afande. Mguuni mwa mtu."

"Kwa hiyo umeiba."

"Nimeiba. Ila yeye msimguse."

"Sababu?"

"Mwaka ule kabla ya bendera yetu ya uhuru kupanda, vibaraka wa bwana huyu walipotubomolea nyumba ili hoteli isimame, mimi nilikuwa ndani na homa. Bi Mapenzi aliingia akanitoa. Boriti ikamwangukia mguuni. Nimemshukuru kwa maneno tangu utotoni, afande. Maneno hayamfikishi kisimani."

"Amekiri!" Harlow alipiga meza. "Hilo gango ni mali yangu. Liletwe!"

"Litaletwa mahakamani, Bwana, likiwa mguuni mwake. Hakimu atauliza mguu ulivunjikaje. Utajibu wewe, au nijibu mimi? Nilikuwepo. Nyumba iliyofuata kubomolewa ilikuwa ya baba yangu."

Harlow aliiva uso kama nyanya. Kisha akasema hana mashtaka, na Karisa afungashe vitu vyake aende zake.

Ardhi haikurudi. Hoteli ingali juu ya visima vyetu vya zamani, na anayedhani tumesahau anajidanganya mwenyewe.

Lakini Ijumaa ile, Shutu akipita njia ya Kinondo, alimwona Bi Mapenzi mbele, peke yake, ndoo ya maji kichwani, bila mkongojo. Hakumwita. Alimfuata kwa macho mpaka alipofika mlangoni pa Karisa, akaitua ndoo.

"Hodi, mwanangu! Siku zote wewe ndiwe uliyekuja kwangu kushukuru. Leo nimekuja mimi."