Picha ya Asekenye

Amuron alikuwa akipika chapati kando ya barabara kuu ya Malaba, mahali malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva walimjua. "Mama, chapo mbili na chai!" waliita, naye aliwahudumia upesi.

Kazi haikumchosha. Aliyemchosha ni binti yake Asekenye, mwanafunzi wa kidato cha pili.

"Asekenye! Leta maji!"

Maji hayakuja.

"Nikuite mara ngapi?"

Amuron aliingia ndani kwa hasira. Asekenye alikuwa kitandani, bado hajavaa sare, macho kwenye simu. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Kichwa kinauma," alisema. "Siendi shule."

"Juzi tumbo, leo kichwa. Kesho itakuwa kucha? Simu, simu, simu! Utaolewa na hiyo simu?"

Akamnyang'anya simu na kuifunga kwenye leso kiunoni. Alidhani mtoto atalia au atabisha. Asekenye aligeukia ukuta tu.

Saa sita mchana alikuwa bado amelala vilevile. Amuron akaanza tena kufoka. Asekenye akasema polepole, "Niache tu, Mama. Hata nisipokuwepo, hakuna mtu atashtuka."

Amuron aliepua kikaango, akakimbia kwa jirani yake Truphena, mhudumu wa afya wa jamii.

"Dada Truphena, simu imemharibu huyu mtoto!"

"Umemuuliza anaona nini kwenye simu?"

"Nimemwambia mara mia aiwache!"

"Sijauliza umemwambia nini. Nimeuliza umemuuliza nini."

Wakarudi pamoja kwa Amuron, naye njiani akamweleza maneno ya Asekenye.

Truphena aliketi kando ya kitanda. Hakugomba. "Asekenye, umesema hata usipokuwepo hakuna mtu atashtuka. Je, unafikiria kujiumiza, au kufa?"

"Usimtie mawazo hayo!" Amuron alimaka.

"Kumuuliza hakumtii mawazo, Mama Asekenye. Kunampa nafasi ya kusema."

Machozi yakamtoka Asekenye. "Nimefikiria. Sijapanga kitu. Nimechoka tu kuchekwa."

Alimwomba mama yake simu, akafungua kundi la WhatsApp la darasa lake. Kulikuwa na picha yake akiosha nguruwe, nywele timutimu, gauni limechanika. Chini yake wenzake walikuwa wameandika, "Bibi ya nguruwe." Vicheko vilijaa ukurasa mzima.

Amuron alisimama. "Nani alipiga picha hii? Naenda kwao sasa hivi!"

"Ni wewe, Mama. Uliiweka kwa status yako. Mtu akaichukua."

Amuron aliketi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema niwache maringo, watu wanatania tu."

Ni kweli. Alikuwa akisukuma chapati siku hiyo, na hata hakugeuka kumtazama. "Nilijivunia vile unanisaidia," alisema. "Lakini sikukuuliza. Nisamehe, mwanangu."

Truphena akasema, "Kijana akichekwa mtandaoni, kicheko kinamfuata mpaka kitandani. Anachungulia kila saa kujua wanasema nini. Halali usingizi, hali chakula, na huzuni inazidi. Ukimnyang'anya simu bila kumsikiliza, unamwacha peke yake na maumivu."

"Sasa tufanye nini?"

"Msiwajibu hao watoto. Hifadhini picha na yale maneno, mumwonyeshe mwalimu. Kisha Asekenye atoke kwenye kundi hilo. Lakini kwanza twende hospitali, leo hii. Mtu akisema anafikiria kufa, hatungoji kesho. Na kwa sasa asiachwe peke yake. Dawa za nyumbani na za shamba zifungiwe."

Siku hiyo wateja wa Amuron walikosa chapati. Hospitalini, mshauri alizungumza na Asekenye faraghani, akamwambia arudi kila wiki. Siku iliyofuata walimwonyesha mwalimu yale maneno, naye akaita wanafunzi walioyaandika na wazazi wao. Picha ilifutwa. Wengi waliomba msamaha. Mmoja alinung'unika tu.

Nyumbani waliweka sheria: ikifika saa mbili usiku, simu zote zinawekwa juu ya kabati, hata ya mama. Amuron ndiye aliyelalamika zaidi.

"Na kama mteja atapiga?"

"Atakula chapati kesho," Asekenye alimjibu.

Hakupona kwa siku moja. Kuna asubuhi alizokataa kuamka. Amuron alitaka kufoka, akajizuia, akaketi naye kwanza na kumuuliza amelalaje.

Baada ya miezi miwili, Jumamosi moja, Awino wa darasa lake alikuja kumtembelea. Wasichana hao wawili walipika mboga huku wakiongea bila kupumua, mpaka moshi ukajaa jikoni.

"Mnachoma nyumba?" Amuron alipiga kelele kutoka nje. "Nani atasugua hiyo sufuria?"

Alichungulia dirishani akiwa tayari kuwagombeza. Asekenye alikuwa akikwangua mboga zilizoungua na kuzila na ugali, akicheka mdomo ukiwa umejaa.

Amuron alifunga mdomo wake, akarudi kwa wateja.