Dakika Ishirini za Kinyangale

Kijiji kizima cha Kinyangale kilikuwa juu ya meza ya ukumbi namba nne, na watu wake walikuwa wakitembea. Nyumba hazikuzidi ukubwa wa kiberiti. Wanawake waliofumwa kwa mwanga walitoka na ndoo, wakaenda kisimani, wakarudi, siku nzima ikipita kwa dakika moja. Hicho ndicho kilichoitwa kijiji-kivuli. Mashine iliyokijenga iliitwa Mpambanuzi, na ilikijenga kwa takwimu zote zilizowahi kuandikwa kuhusu watu wale.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uchumi walikaa kwa matawi yao: benchi la uchumi wa afya, la kazi, la mazingira, la kilimo. Kila benchi liliuliza swali lake, na jibu la mwisho lilikwenda moja kwa moja wizarani. Siku hizi hakuna waziri wa kumbishia Mpambanuzi, nani ana ubavu huo? Asubuhi ile lilikuwa suala la bomba la maji: lipite Kinyangale au kijiji jirani. Watakaokosa watangoja miaka thelathini.

Zaituni Mghenyi, wa benchi la kilimo, hakuuliza kitu. Bibi yake aliyemlea alikuwa bado anaishi Kinyangale, na bado alichota maji mwenyewe.

"Kinyangale wanatembea dakika ishirini hadi majini," alisema Mpambanuzi. "Jirani zao, dakika sabini. Bomba liende kwa jirani."

"Una uhakika gani?" aliuliza Dokta Leokadia Ntandu, mwalimu wao.

"Kamili. Kila mwaka mwanafunzi mmoja anapangiwa Kinyangale kwa utafiti wa shahada, na wote wameandika dakika ishirini. Sina kijiji kingine chenye ushahidi unaokubaliana hivi."

Dokta Leokadia alivua miwani. Wa kwanza kupangiwa Kinyangale alikuwa yeye, akiwa na miaka ishirini na mbili, na hakufika. Mvua ilikata barabara, akakaa siku nne katika nyumba ya wageni mjini Singida, akala chipsi, akajaza madodoso arobaini peke yake kitandani, akibadilisha kalamu ili miandiko isifanane. Kwenye swali la maji aliandika ishirini, kwa sababu ilikuwa namba isiyotia shaka. Tusijifanye watakatifu hapa, nani hakuwahi kupika takwimu za field? Waliomfuata nao walisoma kazi yake maktabani, wakaona jua kali la bure la nini, wakanakili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Uongo huu wa Leokadia ulitembea miaka ishirini na saba bila kuchoka.

"Mpambanuzi," alisema. "Utafiti wa kwanza wa Kinyangale ni wangu. Niliutunga. Sikufika. Wengine walinakili kwangu. Futa zote."

Wanafunzi wengine waliangalia viatu vyao.

"Huo ni ushuhuda mmoja," alijibu Mpambanuzi bila haraka. "Umetolewa baada ya uamuzi, na mtu aliyeguswa na jambo lenyewe. Tafiti ishirini na saba zinaupinga."

"Umezidisha moja, ni ishirini na sita. Nimesimamia nyingi mwenyewe, nazijua."

"Ni ishirini na saba, mwalimu," alisema Zaituni.

Alikuwa amesimama, mikono yake imeshika ukingo wa benchi.

"Hiyo ya mwisho unayoisahau ni yangu. Mimi nilifika, ni nyumbani. Nilitembea na bibi wiki nzima, nikapima kila safari. Dakika mia na tisini kwenda tu, na pale katikati kuna jiwe anakaa kwa sababu ya goti lake. Nikakuletea. Uliandika kwa wino mwekundu: linganisha na tafiti zilizotangulia."

Leokadia alikumbuka. Aliisoma ile mia na tisini, akajua papo hapo kwamba ni ya kweli, na akaogopa mtu asije akauliza juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo aliirudisha.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nikuambie nini? Ulisema nisipolinganisha sitahitimu. Bibi aliuza mbuzi wake wawili nije kusoma. Nikaandika ishirini."

Mwalimu alitaka kusema samahani, akaona aibu hata kuitamka. Mpambanuzi alitangaza kwamba uamuzi umeshapokelewa wizarani, na benchi la uchumi wa kazi likaombwa kuandaa kijiji kinachofuata.

Juu ya meza, kabla mwanga haujazimwa, kikongwe mdogo kuliko kidole alirudi na ndoo yake, akaitua, akakaa barazani. Jua la kule ndani lilikuwa bado la asubuhi. Zaituni aliinama kumtazama.

"Bibi hajawahi kurudi mapema hivi," alisema.